José Altuve na Ukumbi wa Mashuhuri: anayecheza bado tunampimaje?

SWALI: Naishi Houston, Marekani, na mwanangu wa miaka 12 amenitumbukiza kwenye besiboli. Kila tukimaliza kutazama mechi ya Astros tunabishana. Yeye anasema José Altuve tayari ana nafasi yake katika Ukumbi wa Mashuhuri kule Cooperstown. Mimi namjibu kwamba mavuno hayahesabiwi mazao yakiwa bado shambani, na tena kuna ile aibu ya 2017. Nani yuko sahihi? Na ninyi wachambuzi wa takwimu mnampimaje mchezaji ambaye hajastaafu?

JIBU: Ndugu yangu, kabla sijafungua jedwali lolote huwa najiuliza swali moja: mchezaji huyu akistaafu leo asubuhi, anaingia? Simhesabii hata mpigo mmoja ambao hajaupiga. Kwa hiyo habari ya mazao shambani tunaelewana kabisa.

Nina sababu ya kushikilia hivyo. Mrushaji Félix Hernández wa Seattle alimaliza msimu wa 2015 akiwa na miaka 29 na ushindi 143. Alikwisha kuchukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, mwaka 2010, na mwaka 2012 alimaliza mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kufika besi, yaani kituo cha kukimbilia. Wengi tulimwona ni mtu wa Cooperstown, kilichobaki ni tarehe tu. Misimu minne iliyofuata mkono ulichoka, akaongeza ushindi 26 basi. Waandishi wa besiboli, ambao ndio wapiga kura, walipompigia kura kwa mara ya kwanza mwaka 2025 alipata asilimia 20.6. Anayepita ni mwenye asilimia 75.

Kwa Mike Trout wa Angels swali hilo halinichukui dakika. Mara tatu mchezaji bora wa ligi, homurani (mipigo ya kumzungusha mpigaji besi zote) zaidi ya 400. Akiacha leo, anaingia. Altuve ndiye anayenikosesha usingizi.

Tuanze na alicho nacho mkononi. Hadi mwisho wa msimu wa 2025 alikuwa na hiti karibu 2,400, yaani mipigo iliyomfikisha besi salama, na homurani zaidi ya 250. Aliongoza Ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, kwa hiti miaka minne mfululizo, 2014 hadi 2017, kila mwaka akifikisha 200 au zaidi. Mara tatu alikuwa bingwa wa wastani wa kupiga, yaani hiti kwa kila nafasi ya kupiga: 2014, 2016 na 2017. Mwaka huo wa 2017 akawa mchezaji bora wa ligi. Na hayo yote ameyafanya mtu mwenye urefu wa kama mita 1.68, kwenye mchezo uliojaa majitu.

Sasa upande unaomwangusha. Sisi wa takwimu tuna kipimo kiitwacho WAR. Kinakadiria timu ingepoteza mechi ngapi zaidi kama mahali pa mchezaji huyo angewekwa mtu wa kawaida aliyeitwa kutoka akiba. Walinzi wa besi ya pili, kama yeye, waliomo Cooperstown wana wastani wa karibu 70. Altuve yuko juu kidogo ya 50. Mwandishi Jay Jaffe alibuni hesabu nyingine, JAWS: chukua WAR ya maisha yote, jumlisha na ya misimu saba bora, gawa kwa mbili. Nia ni kutompendelea aliyeng'aa muda mfupi wala aliyekaa muda mrefu. Hapo pia Altuve anabaki chini ya wastani. Hapati besi nyingi za bure, zile anazopewa mpigaji mrushaji akirusha mipira mibovu, kwa sababu anapenda kupiga kila kinachokuja, na kwenye ulinzi vipimo havijampenda, ingawa alipata Glovu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, mwaka 2015.

Mwambie mwanao amlinganishe na Chase Utley wa Philadelphia. Utley ana hiti pungufu ya 1,900, lakini WAR yake inazidi 64, maana alilinda vizuri sana na alikimbia besi kwa akili. Kwenye kura za 2026 Utley alifika asilimia 59.1. Anayetazama hiti atamchagua Altuve, anayetazama WAR atamchagua Utley, na wote wawili hawajakosea. Mimi nawataka wote ndani.

Kwa nini simwachi Altuve nje wakati kipimo changu mwenyewe kinasema ni pungufu? Kwa sababu WAR inayonukuliwa kila siku haihesabu mechi za mchujo za Oktoba, na Oktoba ndiyo iliyomjenga mtu huyu. Ana homurani 27 za mchujo. Katika historia yote ya ligi kuu ni Manny Ramirez peke yake aliye mbele yake, na 29. Mwaka 2019 alimpiga mrushaji Aroldis Chapman wa Yankees homurani iliyofunga mechi ya sita ya fainali ya Ligi ya American na kuwapeleka Astros kwenye World Series, fainali kuu. Mpigaji anayekutana na warushaji bora wa nchi mwezi huo, mwaka baada ya mwaka, na bado anawapiga, hawezi kupimwa kama vile mwezi huo haukuwepo.

Hilo linatuleta kwenye aibu uliyoitaja. Ligi ilithibitisha Januari 2020 kwamba Astros, msimu wa 2017, walitumia kamera ya uwanjani kwao kuiba ishara ambazo mdakaji humpa mrushaji wake kumwambia mpira wa kurusha, kisha mtu anagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira gani unakuja. Klabu ilitozwa dola milioni 5. Wachezaji hawakuadhibiwa, kwani walipewa kinga ili waseme ukweli. Kanuni za kura zinamtaka mwandishi azingatie pia uadilifu na tabia ya mchezaji, hivyo hatuwezi kupita kando.

Nikapekua msimu ule. Pipa lilikuwa Houston, siyo ugenini. Altuve 2017 alipiga wastani wa 0.311 nyumbani na 0.381 ugenini. Shabiki mmoja aliyehesabu milio ya pipa kwenye video alimkuta Altuve miongoni mwa waliogongewa mara chache sana. Na ubingwa wake wa kupiga wa 2014 na 2016 ulikuja kabla ya mambo hayo. Simtakasi: alikuwamo kwenye timu ile na pete ya ubingwa anayo. Tuzo yake ya 2017, aliyomshinda Aaron Judge mwenye homurani 52 mwaka huo, nitaitazama daima kwa uzito pungufu. Lakini ukiitoa kabisa, jabali bado limesimama.

Wapiga kura wenyewe wameanza kutoa jibu. Carlos Beltrán, aliyechezea Astros hao wa 2017, ndiye mchezaji pekee aliyetajwa kwa jina kwenye ripoti ya ligi. Mwaka 2023 alipata asilimia 46.5, mwaka 2025 akafika 70.3, na Januari 2026 akapita kwa 84.2. Walimchelewesha, hawakumfungia mlango.

Basi, nani yuko sahihi? Mwanao, kwa tofauti ndogo. Altuve akistaafu leo ningempigia kura, ila nadhani angesubiri miaka kadhaa. Mchezaji hupewa hadi miaka 10 kwenye orodha, mradi asishuke chini ya asilimia 5, na hata Craig Biggio, mwana-Astros mwenzake mwenye hiti 3,060, alikosa mwaka 2014 kwa kura mbili akapita 2015.

Mnapotazama mechi, msihangaike na homurani zake. Hesabuni hiti. Bado kama 600 afike 3,000, na mkataba wake unakwisha 2029. Hiyo ni takriban 150 kila msimu, na mwaka 2025 alipata 156 akiwa na miaka 35. Tazameni pia magoti yake anapokimbilia besi ya kwanza, maana mwaka 2025 walishaanza kumhamishia ulinzi wa uwanja wa kushoto. Akimaliza mkataba wote, sharti la kukaa nje miaka mitano litaliweka jina lake kwenye kura za 2035.