Msianze na Word, anzeni na kipanya

Ndugu, umesema kikundi chenu kimepewa kompyuta nne zilizotumika, mnataka kuwafundisha akina mama wa kikoba, na unauliza muanze na Word ya kuandikia au Excel ya hesabu. Anzeni na kipanya, yaani mouse. Mtu mzima ambaye hajawahi kukishika hubofya mara mbili huku mkono unateleza, faili halifunguki, naye anakata tamaa mapema. Mpeni mchezo wa karata, Solitaire. Ulianza kuja na Windows mwaka 1990, na anayeweza kuburuta karata ataweza kuburuta faili. Na tafadhali sana, mwalimu asimpokonye mwanafunzi kipanya, hata akichelewa vipi.

Kisha nendeni kwenye shida zao zenyewe: mkopo wa mtoto wa elimu ya juu kutoka HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, na cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Wengi hulipa steshenari wajaziwe fomu, na barua pepe inafunguliwa kwa neno la siri analolijua mwenye duka peke yake. Ukija ujumbe wa kurekebisha maombi, mzazi hauoni, muda unapita. Inaniuma sana hii. Kwa hiyo kila mmoja afungue barua pepe yake, achague neno la siri mwenyewe, atoke kwenye akaunti na kuingia tena bila kusaidiwa. Rudieni hilo hata wiki nzima.

Chrome, programu ya kuingilia mtandaoni, iwekeni kwa Kiswahili kwenye mipangilio. Word ya kununua hamuihitaji, LibreOffice inafanya kazi kama hiyo na ni bure. Excel ingojee siku watakapotaka kuingiza hesabu za kikoba.