Faili la syslog limekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasimamia seva mbili za chama chetu cha akiba na mikopo. Juzi nilifuta moja nikaweka mfumo wa Debian 12 (aina ya Linux) upya. Nilipotaka kusoma /var/log/syslog, faili la logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, halipo! Mwenyekiti anasema tumeingiliwa. Kutafuta majibu, nakuta watu wanatukanana tangu 2011 kwa jambo hilihili. Nani mkweli, na mimi nifanye nini?
Binti wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mwenyekiti apoe. Kukosekana kwa faili hilo si dalili ya mwizi. Toleo la 12, lililotoka 2023, haliweki tena rsyslog, programu inayoandika faili hilo, kwenye mashine mpya. Kazi ya kutunza logi imeachiwa programu ya journald. Logi zako zimo ndani ya /var/log/journal, na unazisoma kwa amri ya journalctl. Hata humo /var/log kuna faili la README linaloeleza hivyo, lakini README nani anasoma?

Sasa ugomvi. Novemba 2011, Lennart Poettering na Kay Sievers, watu wa systemd (mfumo unaosimamia huduma za Linux, na journald ni sehemu yake), walipendekeza logi ziache kuwa maandishi ya kawaida, zihifadhiwe kwa bainari, muundo usiosomeka kwa macho. Walilenga syslog, mfumo wa zamani wa logi, kazi ya Eric Allman ya miaka ya 1980 kule chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, na shutuma yao kubwa ilikuwa kwamba ndani ya syslog yeyote anaweza kusema uongo. Jaribu mwenyewe, ukiwa mtumiaji wa kawaida tu:

logger -t sshd "Accepted password for root"

Kwenye faili la syslog mstari huo utasomeka kana kwamba sshd, programu inayopokea wanaoingia kwenye seva kutoka mbali, ndiyo iliyosema. Lakini piga journalctl -o verbose, utaona _UID yako wewe, yaani namba yako ya mtumiaji, imeandikwa pembeni, kwa sababu namba hiyo inatoka kwenye kerneli, kiini cha mfumo, si kwa anayetuma ujumbe. Hapo walikuwa na hoja, na wengi waliowatukana hawakuigusa.

Wapinzani nao hawakuwa wajinga. Maandishi ya kawaida unayasoma kwa amri za grep au less kwenye mashine yoyote, hata ukiwa umechomoa diski ya seva iliyokufa. Kilichomwaga petroli kwenye moto ni kwamba pendekezo la kwanza lilisema wazi hawana nia ya kusanifisha muundo wa mafaili hayo, na wataubadili wapendavyo. Logi nitakazotaka kuzisoma baada ya miaka mitano, halafu unaniambia hivyo? Rainer Gerhards, mwandishi wa rsyslog, alikuwa miongoni mwa waliopinga hadharani. Baadaye muundo ulielezwa kwa maandishi, lakini hasira zilikwisha kuota mizizi.

Mimi naona walipigania kisichowalinda. Wenye journald walitaja uvamizi wa kernel.org, tovuti ya kerneli ya Linux, wa mwaka huohuo wa 2011, na 2012 wakaongeza muhuri: ufunguo unabadilika kila dakika 15, na ufunguo wa kuhakiki unautunza nje ya mashine. Vizuri. Muhuri utakuonyesha kwamba maandishi ya nyuma yamechezewa. Mwizi aliyeshika root, yaani mamlaka yote ya mashine, akifuta folda nzima, muhuri hauwezi kukurudishia kitu. Nakala iliyokwishahamia mashine nyingine ndiyo inayobaki, na syslog imekuwa ikituma nakala hizo miaka mingi kabla ya kelele zote hizi.

Wewe una seva mbili, basi zitumie. Kwenye hiyo mpya piga apt install rsyslog. Faili la /var/log/syslog litarudi, na journald itaendelea na kazi yake bila kugombana nayo. Kisha, ndani ya /etc/rsyslog.d, tengeneza faili lenye mstari mmoja:

*.* @@192.168.1.10:514

Badili anwani iwe ya seva ya pili. Alama mbili za @ maana yake tuma kwa TCP, njia ya mtandao inayofuatilia kama ujumbe umefika. Ukiweka moja itatuma kwa UDP, isiyofuatilia, na mtandao ukilemewa mistari inapotea kimyakimya. Kwenye seva ya pili hakikisha rsyslog ipo, washa moduli ya imtcp, inayopokea logi kwa TCP, kwenye poti 514, halafu anzisha upya rsyslog pande zote mbili. Na kwenye ukuta wa moto ruhusu anwani ya seva ya kwanza peke yake. Poti hiyo isionekane kabisa kutoka intaneti.