Isikilize snea yako ukiwa mbali nayo

Kwa miaka mingi nilibandika kitambaa kwa selotepu juu ya ngozi ya snea, ile ngoma ya dramu yenye nyuzi za chuma chini yake. Nikifanya mazoezi peke yangu chumbani, ule mlio unaoning'inia baada ya pigo ulinikera, nikaunyamazisha. Sauti ikawa nene na kavu, nikaipenda sana. Kisha tukapiga kwenye baa ya wazi Kinondoni: magitaa matatu, besi, tarumbeta mbili. Rafiki yangu aliyekaa nyuma, karibu na jiko la nyama, akaniambia, "Ndugu yangu, leo nimeona mikono yako tu. Snea sijaisikia."

Iliniuma, lakini alisema kweli. Mlio ule unaokukera ukiwa umeiinamia ngoma ndio unaoipenyeza snea katikati ya magitaa. Ukiuua wote, kinachowafikia watu ni kishindo kisicho na uso.

Siku hizi nafika mapema. Namwomba mwenzangu ashike vijiti, bendi ipige sebene kwa nguvu, mimi nasimama mwisho wa ukumbi. Nabadilisha kitu kimoja tu, nasikiliza, ndipo naenda kingine. Naanza na ngozi ya juu: skrubu 10, nakaza zinazotazamana, robo mzunguko kwa zamu, huku nikigonga karibu na kila moja mpaka zote zilie sawa. Ngozi ya chini ni nyembamba, lakini naikaza zaidi ya ile ya juu, maana ikilegea, zile nyuzi zinazoigusa kwa chini zinachelewa kuitika.

Nyuzi zenyewe wengi wetu tunazibana mno. Snea inakabwa koo, na mapigo madogo ya rumba yanapotea kabisa. Zilegeze mpaka zitetemeke ovyo, halafu kaza kidogo kidogo, uache pale pigo jepesi linapoanza kusikika safi. Besi ikizitetemesha kabla hujapiga, usikimbilie kuzibana tena. Kaza au legeza kidogo ngozi ya juu, mara nyingi kelele hupungua.

Kwenye sehemu za taratibu, ukilaza kijiti juu ya ngozi na kugonga ukingo wa ngoma, kigeuze ugonge kwa upande mnene. Sauti inajaa.

Kitambaa sijakitupa. Kumbi za kuta za saruji hurudisha sauti, hasa zikiwa tupu. Ila watu wakijaa, miili na nguo zao humeza mlio mwingi, kwa hiyo nakiweka mfukoni mpaka nyimbo mbili za kwanza zipite.