Piga kura kabla ya kugawa vifaranga

Mwanafunzi akiniambia kwamba vifaranga wa jaribio lake amewagawa kwa bahati nasibu, huwa namwuliza: uliwagawa kwa kutumia nini? Mara nyingi jibu ni mkono. Aliingiza mkono kwenye boksi, kumi wa kwanza wakawa kundi la kwanza, kumi waliofuata la pili. Nimesimamia majaribio ya chakula cha kuku wa nyama kwa muda mrefu, na kazi nyingi nzuri nimeziona zikiharibika hapo hapo, kuku hajadonoa hata punje.

Chungulia boksi la vifaranga wa siku moja. Wenye nguvu wanaukimbia mkono, wanyonge wamejikunyata. Hao ndio wanaokamatwa kwanza. Kundi la kwanza likila mashudu ya alizeti na la mwisho likila soya, baada ya wiki sita utaandika kwamba alizeti inadumaza kuku, kumbe walitofautiana tangu bokisini.

Dawa yake si ngumu. Tuseme una vyakula vinne, A mpaka D, na vyumba 16 vya kuku kumi kumi. Pima kila kifaranga, umvalishe namba, kisha wapange kwa uzito. Chukua 16 wanaokaribiana, vikaratasi kwenye bakuli viamue nani aende chumba gani. Rudia mpaka vyumba vijae. Kuwapokeza zamu, huyu A, huyu B, si kura: anayegawa anajua anayefuata anakwenda wapi.

Halafu litazame banda lenyewe. Upande wa mlango kuna upepo, upande wa magharibi jua la jioni linachoma, na vyumba vilivyo karibu na jiko la mkaa vina joto zaidi usiku. Ligawe banda katika kanda nne za vyumba vinne vinne, na kila ukanda upate vyakula vyote vinne kwa kura yake. Hapo jua likichoma, linachoma kuku wa kila chakula. Na kwa kuwa chakula umekipanga kwa chumba, kwenye hesabu una vyumba 16, si kuku 160. Hili nalisisitiza kuliko yote, maana kuku wa chumba kimoja wanakula, wanapumua na kuugua pamoja.

Wahudumu nao ni sehemu ya jaribio. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kwamba panya wakisikia harufu ya mwanamume, hata ya fulana aliyoivaa tu, wanapata msongo na maumivu yao yanaonekana kupungua. Kwa hiyo usimpe mhudumu mmoja chakula A na mwenzake B. Mmoja ahudumie ukanda mzima. Magunia yape alama ambazo anayepima uzito hajui maana yake. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwaambia baadhi ya wanafunzi kwamba panya wao ni hodari, wengine kwamba ni wazito wa kujifunza. Panya walikuwa wa aina moja, lakini matokeo yalifuata walichoambiwa.

Siku ya kupima, nenda ukanda kwa ukanda. Ukimaliza vyumba vyote vya A ndipo uende B, kuku wa D watafika kwenye mizani adhuhuri wakiwa wamekaa na njaa saa nyingi zaidi, na gramu hizo utazihesabu kama kazi ya chakula.