Vijana wa leo wanajiona kuliko sisi?

Mwalimu, umesema watoto wa siku hizi wanajiona kuliko kizazi chetu na kwamba utafiti umeshathibitisha. Haujathibitisha. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jean Twenge na wenzake walilinganisha wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliojaza dodoso moja la kupima kujiona kuanzia miaka ya 1980 hadi 2006, wakasema alama zimepanda. Mwaka huohuo watafiti wengine, kina Kali Trzesniewski, wakaangalia takwimu zao wenyewe, hawakuona ongezeko la maana. Kisha 2017 mtafiti Eunike Wetzel na wenzake wakakuta kuwa tangu miaka ya 1990 alama zimeshuka kidogo. Na wote hao ni wanafunzi wa vyuo huko Marekani, si wanafunzi wa sekondari wa Kondele, Kisumu.

Kinachotuchanganya ni umri. Kujiona huwa juu ujanani, kisha hupungua mtu akiendelea kukua. Sisi tulipanga foleni studio ya picha mjini na miwani ya kuazima, umesahau?

Jumapili nilikuwa ufukweni Dunga, hapo Kisumu, na mpwa wangu wa miaka 15. Amejipiga picha kama 20 hivi ameegemea mashua, akazifuta zote akabakisha moja, halafu ananinong'oneza, "Anti, kwani pua yangu ni kubwa hivi?" Samaki anapoa mezani, yeye bado anaikuza ile picha kwa vidole. Hapo mimi niliona wasiwasi, majivuno sikuyaona.