Soma Shairi Kwanza, Mahadhi Yatakuja

Wimbo wangu wa kwanza wa majonzi niliutunga kwa ajili ya mjomba wangu wa Wete, kisiwani Pemba, mvuvi aliyetoka alfajiri na hakurudi. Mahadhi nilikuwa nayo tayari kwenye kibodi kabla sijaandika hata ubeti mmoja. Niliyapenda mno, nikayajazia maneno. Mstari wa mwanzo ulikuwa huu: "Bahari ilokutwaa, haijanipa salamu." Mizani ilitimia, 8 kwa 8, lakini nilipomwimbia mama aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo saa unayoitaja ni saa gani?" Mahadhi yalikuwa yameivuta silabi ya "sa", ilhali anayesema "salamu" hukaza "la". Mama, ambaye ndiye aliyefiwa na nduguye, alikuwa akitafuta maana pale ambapo wimbo ulipaswa kumliwaza.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, na penye tofauti maana hubadilika: "barabara" ikikazwa mapema ni sawasawa, ikikazwa baadaye ni njia ya magari. Kwa hiyo nakushauri ulisome shairi lako kwa sauti, polepole na mara nyingi, kama unayemsimulia mtu mliyekaa naye barazani, mpaka usikie wapi sauti inapanda na wapi inashuka yenyewe. Hapo ndipo uchukue udi, ile ala ya nyuzi, utafute mahadhi. Mimi nilipofanya hivyo nilibaini kwamba sauti yangu ilizama kila nilipofika "haijanipa", mahali ambapo awali nilikuwa nimepandisha juu kabisa kwa kudhani kuwa huzuni ni kupaza sauti. Madoido ya koo nayo, ambayo sisi watu wa taarabu tunayapenda sana, yangoje neno likamilike kwanza.

Studioni nilikosea kwa namna nyingine. Tuliongeza kinanda, kisha bezi, kisha ngoma za kompyuta, kila kimoja kizuri peke yake, na mwisho mwimbaji akawa kama mtu anayezungumza sokoni. Katika taarabu, mwimbaji akimaliza mstari ndipo fidla na ganuni, ala ya nyuzi nyingi ipigwayo ikiwa imelazwa, humjibu, na nafasi hiyo ndiyo inayompa msikilizaji muda wa kulipokea fumbo. Zisikilize rekodi za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928: vyombo ni vichache, upande mmoja wa santuri ni kiasi cha dakika 3 tu, na kila neno limepewa haki yake.

Tuliurudia wimbo wa mjomba kwa udi na dumbaki, ngoma ndogo ya mkono, fidla ikingoja kibwagizo, na beti 7 zikapunguzwa zikawa 4. Kabla ya kuukamilisha niliusikiliza kwa simu ndogo iliyowekwa dirishani, mvua ikinyesha, kwa sababu wengi wetu husikiliza hivyo. Mama alikuwa jikoni. Kilipofika kibwagizo cha pili, alikipokea.