Stairofomu inayomeguka ukikata herufi za mapambo

Dada, umeuliza kwa nini stairofomu inameguka ukikata herufi za harusi, na kwa nini rangi ya kupuliza ilizila. Punje nyeupe zinazotapakaa si kosa la mkono wako. Stairofomu ya kufungashia televisheni ni punje za plastiki zilizovimbishwa kwa mvuke zikashikana. Kisu butu huzing'oa badala ya kuzikata. Tumia kisu cha kukatia karatasi, kile chenye wembe wa kuvunjwa vipande, vunja ncha mara tu inapoanza kukwaruza, na pitisha mara kadhaa bila kukandamiza.

Kwa herufi zenye mviringo kama S, waya wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromiamu unaopata moto ukipitishiwa umeme) hauna mpinzani. Usiusukume, uache uyeyushe njia yake. Ukiwa mwekundu umezidi, maana plastiki hii hulainika kwenye nyuzi 100 hivi. Mwachie fundi umeme auunge kwenye transfoma ya volti 12; usithubutu kuuchomeka ukutani. Katia nje, moshi wake si mzuri. Na sponji ya godoro usiiguse kwa waya huo kabisa: ikiungua hutoa gesi yenye sumu ya sayanaidi.

Rangi ya kupuliza ilikula herufi zako kwa sababu viyeyusho vyake huyeyusha stairofomu, sawa na petroli. Paka rangi ya maji, ubandike kwa gundi nyeupe ya mbao.